Kishimo Kilichogoma Kugeuka

Wanafunzi walimwita Mama Breki, na kwa miaka mingi mwenyewe alilipenda jina hilo, maana alidhani wanaisifu kazi yake. Alikuwa mtafiti wa kimeng'enya kimoja tu, tangu enzi za kiuno chembamba hadi alipoanza kutembea na miwani mbili, moja puani na nyingine imesahauliwa kichwani. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kubandua. Ndani ya seli kuna protini zinazowashwa kwa kubandikwa kipande kidogo kiitwacho fosfeti, na hubandikwa mahali maalumu, juu ya tirosini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Insulini ikigonga mlango wa seli, mlango unabandikwa fosfeti, njia inafunguka na sukari inaingia. Kisha hicho kimeng'enya kinapita kubandua moja baada ya nyingine, na mlango unafungwa. Kisipokuwepo, mambo yanakwenda kasi kupita kiasi. Kikizidi nacho, sukari inabaki ikizurura kwenye damu, na mwenye damu anaanza kupoteza macho, figo, vidole vya miguu.

Ni breki, basi. Lakini wanafunzi walikuwa na maana yao. Mama yule hakuwahi kuona kitu kinachokwenda asitamani kukisimamisha. Ukicheka mbele yake, atakuuliza kipi kinachochekesha. Ukileta matokeo mazuri, atakuuliza, "Nani aliosha vyombo?" Binti mmoja alimletea kadi ya harusi hapo maabarani, akaisoma mpaka mwisho, akamrudishia, akasema, "Nenda kwanza ukarudie jaribio."

Mtu mmoja tu alimvumilia, tena kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia: mtoto wa mdogo wake wa kike. Mdogo wake huyo alisumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu, na alipokatwa mguu chini ya goti, mwanawe alihamia kwa Mama Mkubwa akiwa bado anavaa sare za shule. Wengine hufundishwa na jamaa zao kuendesha gari. Yeye alifundishwa kimeng'enya, kwenye meza ya jikoni, sahani za chakula zikiwa bado hazijaondolewa.

"Kina mfuko," Mama Breki alimwambia. "Mfuko wenyewe mwembamba, umekwenda chini. Ndiyo maana hakibandui ovyo. Tirosini peke yake ndiyo ndefu vya kutosha kufika huko. Na chini kabisa kuna nini?"

"Sisteini."

"Kijenzi kingine cha protini, chenye salfa. Hiyo ndiyo inayong'ata fosfeti. Ikishang'ata, ulimi wa pembeni unafunika juu, kama kifuniko cha sufuria. Maji yanakuja yanakata, kifuniko kinafunguka, kazi inaendelea. Sisteini hiyo ikiharibika?"

"Kimekwisha."

"Kimebaki pambo."

Alimfundisha pia kwamba sisteini hiyo ni dhaifu mno, hewa tu inaiunguza, ndiyo maana kimeng'enya huhifadhiwa ndani ya dawa inayonuka mayai mabovu. Na akamfundisha kwamba mwili wenyewe unaujua udhaifu huo na kuutumia: insulini ikifika, seli hutoa tone la peroksidi, peroksidi inaiunguza sisteini kidogo, breki inalegea kwa muda, kisha seli inaiponya na kazi inarudi palepale. "Ikiunguzwa kidogo inarudi," alisema. "Ikiunguzwa sana hairudi, hata ufanyeje."

Kijana akakua, akasoma, akapata shahada zote zinazopatikana, akaingia maabara ileile ya mama yake mkubwa. Wenzake wakamwita Mrithi. Lilikuwa jina la utani lenye miiba, ila yeye alicheka tu. Alikuwa na jambo moja kichwani: kupata kitu kitakachoingia kwenye mfuko ule na kukaa, kiizuie breki, ili watu wa aina ya mama yake wabaki na miguu yao.

Kisha zamu ya Mama Breki kustaafu ikafika, na mkuu wa kitivo akasema bila kupepesa macho: kama kazi ya Mrithi itasimama mbele ya jopo, maabara ni yake, isiposimama, chumba kinageuzwa stoo ya viti vya mitihani. Hakukuwa na njia ya tatu. Mama Breki alilielewa hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Bakteria waliotengeneza kimeng'enya chake walikuwa kwenye friza ya chumba kile, na friza haihami na mstaafu.

Wiki ya jopo ilipoanza, alifika kazini akakuta stuli yake nje, kwenye korido, kando ya pipa la taka. Stuli ile ndefu, yenye mto alioushona mwenyewe, aliyoikalia maisha yake yote ya kazi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," Mrithi akasema kutoka ndani, uso unang'aa. "Nimeitoa kidogo nipate nafasi. Njoo uone!"

Hakuitikia. Mrithi hakugundua, na hilo nalo alihesabiwa kuwa kosa. Alikuwa anamwonyesha sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo. Kila kishimo kilikuwa na kimeng'enya, dawa ya mayai mabovu, na kimiminika kisicho na rangi ambacho kikibanduliwa fosfeti yake hugeuka njano. Njano maana yake breki inafanya kazi. Yeye alitia dondoo, yaani maji yaliyokamuliwa kwenye mizizi na magome ya miti, na kwenye mistari mitatu mizima hakukuwa na njano hata kidogo. Breki ilikuwa imezimwa kabisa.

Mama Breki aliinama. Akauliza zilikaa muda gani kabla ya kupimwa, na Mrithi akajibu kwa furaha kwamba kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyozidi kuwa kali. Hapo hapo Mama Breki akajua. Ziko dondoo ambazo zikikutana na dawa ya mayai mabovu huanza kupika peroksidi, polepole, ndani ya kishimo chenyewe. Haziingii mfukoni wala hazikishiki kimeng'enya. Zinakichoma tu. Huo ni mtego wa zamani wa watu wa kazi hii, na haumnasi mjinga. Unamnasa aliyefundishwa vizuri, asiyethubutu kuiacha ile dawa inayonuka. Tiba ya mtego huo ni rahisi: tia katalesi, kimeng'enya kingine kinachoila peroksidi, urudie. Kazi ya asubuhi moja.

"Umeona kasoro yoyote?" Mrithi aliuliza. "Niambie sasa, Mama Mkubwa. Jopo ni keshokutwa, bado nina muda."

Angeweza kusema neno moja. Alilisikia likiwa limekaa ulimini. Lakini alikuwa anaiona stuli kupitia mlango uliokuwa wazi, na pia, tusimpambe, alikuwa anaona mistari mitatu isiyo na njano ambayo yeye hakuwahi kuipata, hata ya uongo. Alitaka kijana yule aungue kidogo. Kidogo tu, arudi mezani jikoni na kuuliza tena chini ya mfuko kuna nini.

"Mimi sioni kitu," akasema.

Siku ya jopo Mrithi alivaa suti. Mama yake aliletwa, akaketi safu ya mwisho na magongo yake mapajani, akitabasamu kwa kila mtu aliyepita. Mrithi aliongea vizuri, na mkuu wa kitivo alitikisa kichwa kukubali mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yake. Maswali yalipofunguliwa, Mama Breki aliinua mkono kwanza.

"Ulijaribu na katalesi?"

Mrithi alimtazama. Mwanzoni alikuwa na uso wa mtu anayesubiri utani uishe.

"Sikujaribu."

"Ili tuelewane," Mama Breki akasema, akasimama, akaligeukia jopo, akawaeleza kila kitu kwa sauti ya darasani: dondoo, dawa ya mayai mabovu, peroksidi, sisteini inayoungua. Alieleza vizuri mno. Hata asiyejua kemia alielewa kwamba yule kijana mwenye suti alikuwa ametumia miaka yake kushangilia moshi. Mtu mmoja kwenye jopo alicheka puani. "Huwa tunawafundisha mwaka wa kwanza," Mama Breki akamalizia, na huo ulikuwa uongo, kwa sababu Mrithi hakufundishwa kimeng'enya hicho na mtu mwingine ila yeye, na yeye hakumfundisha hilo.

Mrithi angeweza kusema, "Nilikuuliza." Alikusanya karatasi zake. Jopo halikuchukua muda: viti vya mitihani vilihitaji chumba.

Jioni hiyo Mama Breki alipigiwa simu na mdogo wake.

"Dada, ulijua kabla?"

"Sayansi ndivyo ilivyo."

"Sikuulizi sayansi. Ulijua?"

"Nilijua."

Sauti ya mdogo wake ikaja ya chini, haina hata hasira. "Huu mguu nilipokatwa, nililia siku nyingi. Leo naona walikata pasipotakiwa. Wangenikata undugu na wewe." Simu ikakatwa, na tangu siku hiyo haikupokelewa tena.

Siku ya kukabidhi funguo, Mama Breki alikwenda mapema. Njiani alikuwa amepanga maneno. Angesema kwamba jaribio linaweza kurudiwa, kwamba ana rafiki kwenye chuo kingine, kwamba bakteria wanaweza kuhamishwa kwenye barafu ikiwa mtu atafanya haraka. Alijiambia kijana ameungua kidogo tu.

Akamkuta Mrithi mbele ya sinki, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Friza ilikuwa imechomolewa, mlango wazi, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye vichupa vya bakteria hadi sakafuni.

"Nani amechomoa?"

"Mafundi. Jana. Wanaihitaji jikoni kwa wanafunzi." Alisema bila kugeuka. "Kabla hawajachomoa, nilirudia na katalesi. Dondoo zote, hata zile dhaifu nilizokuwa nimeziacha. Ulikuwa sahihi, Mama Mkubwa. Njoo uone."

Sahani ilikuwa mezani. Ile mistari mitatu iliyomvalisha suti sasa ilikuwa njano tupu. Njano kila mahali, njano ya aibu. Mama Breki alivuta miwani kutoka kichwani, akasogea. Katikati ya zile dondoo dhaifu palikuwa na kishimo kimoja kisichogeuka. Hakina rangi, kama maji matupu.

"Hicho hukutia kimeng'enya."

"Nilitia. Visivyo na kimeng'enya viko pembeni kule. Hicho nimekirudia mara tatu, na katalesi, na bila katalesi. Nimeongeza chakula cha kimeng'enya, kile kimiminika chenye fosfeti, na mshiko wa dondoo ukalegea. Unajua hiyo maana yake nini."

Alijua. Maana yake kilikuwemo kitu kinachoingia mfukoni na kukaa mahali pa fosfeti, bila kuchoma chochote. Kitu alichokitafuta tangu enzi za kiuno chembamba. 

"Ni dondoo gani?"

Mrithi akainua sahani, akaigeuza juu ya sinki. Njano ilishuka na yale maji matupu yakashuka nayo. Akafungua bomba.

"Ni mzizi gani? Chupa ziko wapi?"

Chupa zilikuwa zimepangwa kwenye kichanja, midomo chini, zinametameta. Alama zote za majina zilikuwa zimesuguliwa zikafutika.

"Vyombo vimeoshwa," Mrithi akasema. "Nimeosha mwenyewe."

"Mwanangu, mama yako ana mguu mmoja! Niambie ni ipi!"

Mrithi alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa makavu, na Mama Breki aliyatambua, kwa sababu yalikuwa macho yake mwenyewe.

"Mimi sioni kitu," akasema, akaweka funguo mezani, akaondoka.

Mama Breki alifunga bomba. Aliiokota sahani kutoka sinki, akaiinua dirishani, akachungulia kishimo baada ya kishimo, vyote vikiwa sawa sasa. Akatoka nayo kwenye korido, akaketi kwenye stuli yake kando ya pipa la taka, maji yakimdondokea kwenye sketi. Alikuwa bado amekaa hapo wapagazi wawili walipokuja wamebeba viti.

"Mama, samahani," mmoja akasema. "Hiyo stuli nayo inaingia stoo."