Uso wa Bibi Ukutani

Juzi nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la awali kuchora uso kwa njia rahisi: yai, nukta mbili, mstari wa mdomo. Basi mawazo yakanirudisha kijijini kwetu Hirbadaw, nikiwa na umri kama wao, nanukia maziwa na moshi kutwa nzima.

Mwalimu wetu alitoka huko juu, Mbulu. Karatasi hazikuwepo, tukachora mavumbini kwa kidole. "Anza na yai," alisema. "Halafu tafuta kitu kimoja ambacho wengine hawana. Mengine achana nayo." Siku hiyohiyo tukamchora yeye: masikio tu, na kila mtu akamtambua. Alifuta kwa kiatu huku akicheka, maskini.

Mimi nilitaka kumchora bibi yangu mzaa baba, ajione. Picha hakuwahi kupigwa, na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Nawe unajua ukungu huo hausubiri mtu. Jioni nikirudisha ndama namchora uani, anainama, anasema, "Mjukuu wangu, naona vumbi tu." Roho iliniuma sana.

Kiangazi kilipoanza, mama akakandika ukuta upya kwa udongo na samadi. Ukiwa bado mbichi, nikachora yai kubwa, kisha nikabonyeza kwa kidole nukta zilizopangwa duara, moja upande huu na moja upande ule. Ndizo chale walizochanjwa wasichana wa enzi zake kuzunguka macho. Macho yenyewe sikuyaweka, wala pua. Mama alipouona ukuta wake akatafuta fimbo.

Bibi akamzuia. Akaja akipapasa, akafuata nukta kwa kidole, akamaliza duara moja, akahamia la pili. Mkono ukapanda usoni kwake, ukarudi ukutani. "Huyu ni mimi," akasema. Hakuruhusu pale pakandikwe tena maisha yake yote.

Sasa bibi hayupo, na nyumba ile iliangushwa na mvua. Imejengwa ya matofali. Wasichana hawachanjwi tena, na ni vizuri, sitamani binti yangu aumie vile. Ila nikikaa kumchora bibi, nukta zinakuja zenyewe, kila moja mahali pake. Pua yake, nyusi zake, jinsi mdomo ulivyokaa akinyamaza, sina. Yale yote niliyoyaacha siku ile, nilidhani yatakuwepo tu.