Herufi Tatu za Fundi

Pale kwenye dirisha la kutuma fedha nje ya nchi, mwenzangu wa kazi tulimwita Polepole, na jina hilo nilimpa mimi. Mteja akileta msimbo wa benki, zile herufi zinazoonyesha pesa ziende benki gani, nchi gani, tawi lipi, yeye huusoma kwa sauti, herufi moja moja, kidole kikitangulia. Mfupi yule dada. Akikaa kitini miguu haigusi sakafu. Na mimi, ulimi wangu hauna breki, nilimtania hata kwa hilo.

Jumatatu moja akaja kwangu fundi seremala, vumbi la mbao bado nyusini. Anamlipia binti yake ada ya chuo cha uuguzi ng'ambo, na pesa zisipofika kabla ya Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Nikagonga muhuri chapchap, nikaisukuma fomu kwa Polepole aihakiki.

Akaanza wimbo wake. Mwishoni kidole kikasimama.

“Mzee wangu, hizi herufi tatu za mwisho umezitoa wapi?”

“Barua ya chuo ilikuwa na X tatu. Nikajua ni pa kujaza. Nikaweka herufi za majina ya binti yangu, ili pesa zijue zinamwendea nani.”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. X tatu ni makao makuu ya benki. Herufi za binti zingetafuta tawi lisilokuwepo, pesa zizunguke wiki nzima ndipo zirudi. Na muhuri ulikuwa wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Polepole hakunisema. Alimwambia fundi, “Jina lake tunalo hapa juu, baba. Halipotei.” Wakajaza fomu mpya pamoja, wakisoma kwa sauti wote wawili.

Alhamisi fundi akarudi na simu mkononi, anatuonyesha ujumbe: “Baba, wamenipokea.” Kwapani alibeba kigoda kifupi, akakisukuma chini ya meza ya Polepole.

“Weka miguu hapo, mwanangu. Niliona inaning'inia.”

Siku hizi na mimi nasoma kwa kidole, na foleni yangu inanung'unika. Jioni ya Alhamisi ile, Polepole alipokwenda kuchukua mkoba wake, nilikigeuza kile kigoda. Chini yake fundi alikuwa amechonga herufi tatu za binti yake.