Dhamana ya Chumba cha Uani

Mama mwenye nyumba hakuwahi kumwambia mtu hapana. Kila Evodia alipokwenda kudai dhamana ya chumba alichokihama baada ya kupunguzwa kazi, mama huyo aliitikia marahaba kwa sauti ndefu, akapangusa kigoda kwa upindo wa khanga, akaleta ugali wa uwele na mlenda. "Kula kwanza, mwanangu. Shida haisemwi na tumbo tupu." Mwenyewe alikaa pembeni akivunja vidole kimoja kimoja, akiulizia watoto kwa majina, macho hayabanduki kwenye sahani. "Mie nimeshakula." Na nani, akishanawa, ana uso wa kumdai aliyemlisha? Evodia alikuwa akirudi kwake ameshiba ugali na hasira.

Safari hii aliapa hatakula. Mlenda ukamshinda nguvu, akala. Alipomaliza alijikaza: "Mama, ile dhamana..." Mama akabeba sahani kama hakusikia, akaingia jikoni. Evodia akamfuata, asimpe pa kukimbilia. Akamkuta amechuchumaa, ameupa mlango mgongo, anakwangua ukoko wa sufuria kwa kucha na kuutafuna taratibu ili usisikike. Mafiga yalikuwa yamepoa, na hapakuwa na chungu kingine.

Evodia akanyata kurudi kigodani. Mama akatoka akijifuta midomo. "Ulikuwa unasemaje, mwanangu?"

"Nilikuwa naaga, mama."

"Haya, wasalimie watoto."

Evodia akashika njia na ugali wa watu tumboni, kwenda kuwaambia wanawe kwamba leo pia watalala hivyo hivyo, bila kula.