Kengele ya Ketel

Ketel alipiga kengele ya kijiji chetu miaka thelathini na moja, na wanasema alikosea siku moja tu. Mimi sisemi kwamba alikosea.

Utotoni alichunga bata bukini pamoja na Ulfric, mtoto wa mjane Aldith. Padri akamfundisha Ulfric kusoma. Ulfric akapanda cheo, akawa mwandishi wa mfalme, mwishowe askofu. Ketel akabaki na kamba yake. Ukungu ulipofunika malisho alisimama mlangoni mwa mnara, akiota huku macho wazi, akitazama barabara. Tulimtania kwamba anamngoja mchumba. Yeye alikumbuka amri: askofu akikanyaga parokia, kengele ilie, isipolia, kanisa hufungwa.

Vuli ile mkewe, Gunnild, alikuwa mahututi. Aliomba jambo moja tu, afe akiisikia kengele ya mumewe ikimsindikiza.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Askofu alikuja kwa miguu, peke yake, watu wake amewaacha mtoni. Kengele haikulia. Kabla ya adhuhuri karani wake alikuwa ameupiga mlango wa kanisa muhuri wa nta. Nilikasirika, maana kanisa likifungwa kengele haipigwi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza Gunnild, naye kitandani alikuwa akiniuliza, "Bado?"

Nikatoka mbio. Askofu alikuwa ameshapanda farasi, na karani alikuwa akimuuliza Ketel kama alilala.

"Sikulala. Nilimwona."

"Umwone Mhashamu, kisha unyamaze?"

"Sikumwona Mhashamu, bwana. Nilimwona Ulfric, amelala kifudifudi juu ya kaburi la mama yake, analia. Ningepiga kengele, kijiji kizima kingekuja kumkodolea macho."

Nikamweleza askofu habari za Gunnild. Akashuka, akabandua ule muhuri kwa mkono wake mwenyewe.

"Rudi kwa mkeo, Ketel," akasema. "Leo napiga mimi."

Tulikuwa tumeketi kitandani ilipoanza. Ilikwenda mbio, ikasita, ikajikwaa, ikaanza upya. Gunnild akafumbua macho, akaupapasa mkono wa mumewe.

"Nani huyo anachezea kengele yako?"

"Ulfric."

"Mh. Hata bata walimshinda." Akacheka kidogo. "Mwache apige."

Akaenda zake kengele ikiendelea kulia ovyo. Nilimwangalia Ketel, bado ameushika ule mkono, ndipo nikalia. Kama ingelia vizuri siku ile, yeye angekuwa mnarani, na Gunnild angekufa ameshika mkono wangu mimi.