Anayeshona Ndiye Anayeshika

Ukinunua ala mpya ya kisu chako cha jikoni, unaangalia nini? Unaangalia rangi, unanusa ngozi, unasema ahsante, unaenda zako. Hujui kitu, na mimi sikulaumu. Kiganja angekwambia uigeuze ubavuni, pale penye ushono, uhesabu tabaka. Ziwe tatu: ngozi ya mbele, ngozi ya nyuma, na katikati yao ukanda mwembamba wa ngozi ngumu, ambao baba yake aliuita mlinzi. Kisu kikiingia kwa kishindo, makali yanakutana na mlinzi kabla hayajaufikia uzi. Asipokuwepo mlinzi, makali yanakula uzi, ala inafunguka ubavu, na kilichoko upande wa pili ni mkono wa mtu.

Kiganja si jina lake la kuzaliwa, bila shaka. Nani amwite mwanawe Kiganja? Alipewa na baba yake, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Ala, siku aliyomaliza kushona ala yake ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na tano.

Mzee Ala alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyomletea wateja: anayeshona ndiye anayeshika. Ukimaliza ala yako unaikumbatia kwa kiganja, ushono ukielekea kwenye nyama ya mkono, na mtu mwingine anasukuma kisu ndani mara tatu, kwa nguvu zake zote. Kisha anakuuliza, "Umesikia kitu?" Ukijibu "Sijasikia kitu," ala inapigwa muhuri. Wapishi waliupenda sana mchezo huo. Walikuwa wanakuja na wenzao ili waone.

Siku ile mtoto alikuwa amevuta uzi kwa uoga na mishono ikalegea. Mzee aliona. Usiniambie hakuona, yule mtu alikuwa na jicho la mwewe. Aliona hata kabla hajachukua kisu. Akasukuma hivyo hivyo. Mara ya pili ncha ikatokeza chini ya kidole gumba, mtoto akapiga yowe, na baba akamnyang'anya ala, akaifuta kwenye suruali yake.

"Tazama," akasema, "umeilowesha ngozi." Kisha akawageukia wateja: "Huyu hana kichwa, ana kiganja tu."

Watu wakacheka, na jina likakaa.

Miaka kumi na tisa Kiganja alishona kwenye chumba kile cha mbele, juu ya meza nzito ya mbao iliyochimbika katikati kwa misharasi. Msharasi ni ule msumari wenye mpini wa kutobolea ngozi, na meza ile ilikuwa imechomwa mpaka ikawa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Dirisha lilikuwa moja, likitazama ukuta wa jirani. Chini kulikuwa na ndoo ya kulowekea ngozi, juu kopo la nta ya kupakia uzi. Alijua kupitisha sindano mbili katika tundu moja, hii ikienda na ile ikirudi, mpaka mishono ikalala sawasawa pande zote. Miaka ya mwisho ala saba katika kila kumi zilikuwa za mkono wake, zikipigwa muhuri wa baba.

Alitaka neno moja tu. Fundi. Mteja akigonga na kuuliza, "Fundi yupo?" ilimbidi aseme, "Ngoja nimwite," huku sindano ziko mkononi mwake. Na mzee akitoka ndani atasema, "Huyo? Huyo msichana wangu wa nta." Msichana! Ana miaka thelathini na minne, mvi mbili tatu zimeshamtoka.

Alikuwa na alama nyingine, kwenye mdomo. Hiyo aliipata akiwa na miaka ishirini na mbili, siku aliyonong'ona mbele ya mteja, "Baba, hapa umeruka tundu." Mzee alichukua kipande cha mkanda kilichokuwa karibu akamchapa nacho usoni, kisha akaendelea kushona. "Kazi ya mtu haisemwi," akasema. "Macho kwenye ala yako."

Shangazi yake, dada mtu wa Mzee Ala, ndiye aliyekuwa akipika huko uani, na ndiye aliyeuosha mdomo ule kwa maji ya chumvi. "Kaka," alimwambia mzee, "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mzee akamjibu aangalie sufuria lake.

Halafu sukari ikamwingia mzee. Hakutaka isemwe. Alisema ni uchovu tu, umri tu, viatu vibaya tu. Lakini siku moja alikanyaga msumari akatembea nao asubuhi nzima, mpaka shangazi alipoona damu sakafuni. Siku nyingine aligusa nta inayochemka, na aliyeshtuka alikuwa Kiganja, kwa harufu. Vidole vya mzee vilikuwa vimekufa ganzi, na macho yakaanza kuona ukungu. Ndani ya nyumba walijua watatu, na wote watatu walinyamaza.

Basi akaja mpishi mkuu wa hoteli kubwa, jitu la watu lenye sauti ndogo. Alikuwa na wapishi thelathini, kila mmoja na visu vyake, na alitaka fundi mmoja wa kuwashonea wote, leo na miaka ijayo.

"Mzee wangu, shikamoo. Kazi yako naijua," alisema. "Lakini ukichoka, nani ataendelea? Huyu binti?"

Mzee Ala alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Huyu? Huyu ni wa nta! Meza hii nimeshampa neno fundi viatu hapo jirani. Siku nikilala, yake."

Kiganja alikuwa anapaka uzi nta. Hivyo ndivyo alivyopata habari. Miaka kumi na tisa, jamani, kiganja chenye makovu matatu, na meza imeahidiwa mshona kandambili. Mikono iliendelea kupaka, na uzi ukawa mnene kama kamba kwa nta aliyozidisha.

Labda mpishi alimwona uso. "Basi tufanye hivi," akasema. "Pimeni visu hivi viwili, kila mmoja wenu anishonee ala ya kimoja. Kesho asubuhi nakuja kuchagua mkono."

"Kuchagua!" mzee alisema. "Haya, na aaibike mbele ya watu, ndiyo atajua. Akinishinda, meza yake. Umesikia wewe? Meza yako." Akacheka tena. Ulikuwa mzaha, lakini alikuwa ameusema mbele ya shahidi.

Mchana ule walikaa meza moja, baba upande huu na binti upande ule. Mzee alikata ngozi vizuri, hilo siwezi kumnyima. Mikono yake ilikumbuka. Alikata mbele, akakata nyuma, akakata mlinzi kwa mkato mmoja safi. Akapaka gundi, akabandika, akatoboa, akaanza kushona.

Mzee alipofika mshono wa kumi hivi, Kiganja alinyoosha mkono kuchukua nta, akamwona mlinzi. Alikuwa chini ya kopo. Mzee alikuwa ameweka kopo juu yake akamsahau. Fundi mwingine yeyote angeshtuka, maana unene wa ala hautazamwi kwa macho, unajulikana kwa ncha za vidole. Mzee hakuwa na ncha za vidole tena.

Kiganja alifungua mdomo. Kweli alifungua, na mzee akamwahi: "Macho kwenye ala yako."

Akaufunga. Kisha, kama mtu anayesafisha meza, akamwokota mlinzi akamtia kwenye mfuko wa aproni. Sasa nisikudanganye kwamba alitetemeka au alimwomba Mungu. Alifurahi. Jioni ile alikula vizuri kuliko siku zote, hata shangazi akamtania, "Leo kulikoni, mama? Umeposwa?" Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mzee kilikuwa kwenye nguo ya mwanawe, mfukoni.

Asubuhi mpishi mkuu alifika na visu vyake viwili. Fundi viatu naye alikuja, amejifunga mkanda wake wa kazi, kuja kucheka. Alianza Kiganja. Aliikumbatia ala yake, na baba akasukuma mara tatu kwa uzito wote wa bega, kisha akaongeza ya nne ambayo haikuwa sheria.

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu."

Mpishi akatikisa kichwa kuridhika. Mzee hakumtazama binti yake. Alichukua ala yake mwenyewe, akaikumbatia, akamnyooshea kisu kwa mpini. "Haya, sukuma. Na usisukume kama mgonjwa."

Mara ya kwanza Kiganja alisukuma kidogo tu. Alisikia uzi ukilia ndani, mlio mdogo ambao anaujua mshonaji peke yake. Hapo, kama kuna mahali pa kurudi nyuma, palikuwa hapo. Angeweza kusema mkono umeteleza. Angeweza kusema lolote.

"Hiyo ndiyo nguvu, au unanipapasa?" mzee alisema, na fundi viatu akacheka kwa sauti. "Wasichana wa nta! Sukuma!"

Akasukuma. Mara ya pili ilikuwa ngumu. Mara ya tatu ilikuwa laini, na Kiganja aliujua ulaini ule, maana uliwahi kuwa wa kiganja chake.

Mzee Ala alikuwa amemwangalia mpishi usoni, kidevu juu. "Sijasikia kitu," akasema. "Mmeona? Sijasikia kitu kabisa."

Damu ilikuwa inashuka kwenye kifundo, inaingia kwenye mkono wa shati, inadondoka juu ya kiatu chake. Mzee akakunja uso. "Mbona mmekuwa mabubu? Pigeni makofi basi."

"Mzee," fundi viatu alisema taratibu, "mkono."

Ndipo akatazama chini. Alitazama kwa muda mrefu, kama anayetazama mkono wa mtu mwingine, kisha akaigeuza ala ubavuni, akaisogeza karibu na jicho, akahesabu. Mbili.

Kidonda cha mwenye sukari unakijua. Wiki ya kwanza shangazi aliosha na kufunga. Wiki ya pili harufu ilijaa mpaka chumba cha mbele, ikashinda ya ngozi. Wiki ya tatu vidole vilikuwa vyeusi, na hospitali wakaukata mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Kazi ya hoteli alipewa Kiganja. Meza nayo ikawa yake. Fundi viatu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba neno lilitamkwa, na mpishi alilisikia. Siku hizi hacheki tena mlangoni pale.

Mzee alirudi akawekwa kwenye kigoda karibu na mlango, mkono wa shati umebanwa kwa pini. Miezi miwili hakumwambia binti yake hata "nipe maji". Kiganja alishona ala za wapishi thelathini, akapiga muhuri, na wateja wapya walipouliza, "Fundi yupo?" hakujua ajibu nini, kwa hiyo aliwauliza wanataka nini.

Siku moja mchana, yuko katikati ya ushono, mzee akasema, "Ulimwona mlinzi."

Hakuwa anauliza. Kiganja aliweka sindano chini, akafungua droo, akatoa kile kipande cha ngozi, akampa. Mzee alikipokea kwa kushoto. Vidole vya kushoto navyo havikumwambia kitu, kwa hiyo akakipeleka mdomoni, akakipitisha taratibu juu ya mdomo wa chini, apate unene wake.

"Mkato mzuri," akasema.

"Mzuri, baba."

"Mbona hukusema?"

"Kazi ya mtu haisemwi."

Mzee akacheka, si kile kicheko chake cha mbele ya wateja, kingine, kidogo, cha mtu aliyejikuta kwenye kioo. Akakirudisha kipande juu ya meza.

"Sasa umekuwa fundi," alisema. "Sasa ndiyo umekuwa fundi."

Neno lile alikuwa amelingoja miaka kumi na tisa. Alikuwa ameshapanga siku likija atamkimbilia nani, atacheka vipi. Alitoka mbio kweli, mpaka uani, akashika ukuta akatapika, na shangazi akaacha sufuria akaja kumshika mgongo, akimuuliza, "Nini, mama, umekula nini?" Kiganja akasema hakula kitu. Alilia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Ala ilikuwa bado juu ya meza. Akamalizia mishono sita iliyobaki, akafunga uzi, akaukata. Aliigeuza ubavuni akahesabu: tatu. Kisha akaikumbatia kwa kiganja, ushono ndani, akachukua kisu cha mteja na kumnyooshea baba yake mpini.

"Sukuma, baba," alisema. "Na usisukume kama mgonjwa."

Mzee alikipokea kisu kwa mkono wa kushoto, akaanza kutafuta mdomo wa ala.