Kompyuta Moja Iliyoamsha Darasa Zima

Mwanangu, ipo siku ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Nilikuwa kidato cha tatu hapa Garissa, miaka ya tisini ikiishia, na shule yetu ya wasichana ilikuwa imepewa kompyuta kuukuu. Zilikuwa zimechoka, maskini. Hata diski za kuhifadhia kazi hazikuwa nazo. Moja tu ndiyo ilikuwa mpya, yenye nguvu. Mimi, kiranja, nikashauri ile mpya tuitumie sisi tu tuliojua kidogo, wengine wasiiguse, na kuukuu ziende kwa wanunuzi wa vyuma.

Mwalimu Halima wa hesabu akanitazama kwa upole.

"Abaayo, dada yangu Sahra, kwenu Elwak mwenye ngamia wengi hufungia wenzake kisima?"

"La, mwalimu. Watasema ana wazimu."

"Basi mbona wewe wataka kufunga hiki?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami miguu yangu niliipenda. Nikashika ufagio, nikafagia chumba cha kompyuta.

Mwalimu alikuwa na programu ya bure, iliyotungwa na watu wa mbali wakaiacha wazi, kila mtu ainakili na kuirekebisha apendavyo. Aliunganisha zile kuukuu kwa nyaya na ile mpya, ili hiyo moja ifikiri kwa niaba ya zote, nyingine zionyeshe tu. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshasema: wazazi wakija Jumamosi zikiwa bado zimelala, chumba kitakuwa bweni.

Jumamosi ikafika, wazazi wakajaa mlangoni. Mwalimu akawasha. Giza! Moyo wangu ukashuka hadi kwenye ndala. Tukapapasa nyaya zote, hadi Fatuma, msichana mwenye haya aliyekuwa hajawahi kugusa kompyuta, akaona mmoja, ule wa ile kompyuta mpya, haukuingia sawasawa. Akausukuma. Kioo cha kwanza kikawaka, cha pili, kisha darasa zima!

Fatuma akaandika jina lake. Mama yake, muuza maziwa ya ngamia sokoni, akapiga vigelegele.

"Mashallah! Wallahi, andika na langu!"

Tukaliandika, likapigiwa makofi. Mwalimu mkuu naye akacheka: "Bweni nitalitafuta kwingine."

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kilichochakaa huenda kinangoja mwenzake tu. Na ujualo wafundishe wengine, kwani elimu haipungui kwa kugawiwa. Mola akupe akili nyepesi na mkono mkunjufu, na popote uketipo, wenzako wapate nafasi. Amin.