Nilivyofuata Sifuri za Mau Narok

Nilitoka nyumbani nikiwa na hasira, na ni vizuri niseme hivyo mapema ili msije mkanihurumia. Barua ilikuwa imefika Jumatatu kutoka chuo kidogo cha kilimo kule Mau Narok. Walikuwa wanafikiria kujitoa katika umoja wetu wa maktaba. Sisi ni maktaba tano za vyuo vya hapa Nakuru na milimani, na tunachanga pamoja, sehemu sawa kwa sawa, ili kila mwaka tununue ruhusa ya kusoma hifadhidata moja ya majarida ya kilimo mtandaoni. Hakuna hata mmoja wetu anayeiweza bei yake peke yake. Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja cha hapa mjini, na ndimi katibu wa umoja.

Mkuu wa chuo changu alikwisha kunieleza wazi kwamba sehemu yetu ikipanda hata kidogo, na sisi tunatoka. Mau Narok wakiondoka, lazima ipande. Tukitoka sisi, watatu waliobaki hawataweza, na wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho wangeachwa katikati ya utafiti wao. Kwa hiyo nilikuwa naenda kuwabembeleza Mau Narok wabaki.

Lakini mkobani nilibeba pia ripoti ya matumizi. Wenye hifadhidata hututumia ripoti inayoonyesha kila chuo kimefungua makala ngapi kwa mwezi, na safu ya Mau Narok ilikuwa sifuri tupu, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka minne. Nilizipaka zile sifuri rangi ya njano, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: wavivu. Kubembeleza mtu huku unamsuta ni kazi ngumu, lakini wanaonijua wanajua kwamba ningejaribu.

Saa kumi na mbili asubuhi, Rhonda, mtaani kwangu Nakuru. Jirani yangu Wafula ana lori, naye hupanda Mau Narok kila wiki kuleta viazi. Aliponiona nikija na mkoba wangu wa ofisi alifungua mlango wa mbele na kunionya kuhusu kiti. "Hiyo spring imetoka, Mama Sheila. Kalia gunia." Nikakalia gunia. Tukapita kanisa, tukapita cyber ya jirani, kibanda cha intaneti ambako hununua kredo ya simu, bado imefungwa, tukashika barabara ya kwenda Njoro.

Saa moja na nusu tulisimama Njoro kunywa chai. Wafula hakuwa na furaha na biashara. Aliniambia viazi vya huko juu vimeingiwa na kitu. Gunia unalijaza vizuri shambani, ukilifungua Nakuru nusu yake inanuka, na kuna wakulima wameacha kabisa kupanda, mashamba wamewaachia kondoo. Nikamwambia huko huko juu kuna chuo cha kilimo ambacho kimelipiwa maandishi yote ya wataalamu wa viazi, na hakuna mtu anayeyasoma.

"Si uwaambie wasome basi," akasema.

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo safari yenyewe.

Kutoka Njoro barabara inapanda tu. Baridi iliingia kupitia dirisha lisilofunga vizuri, na mashamba yakawa makubwa, ngano upande huu na viazi upande ule. Mara mbili Wafula alininyooshea kidole vipande vya ardhi nyekundu vyenye kondoo. Niliviangalia kama mtu anavyoangalia matatizo ya wengine.

Saa nne tulifika Mau Narok. Wafula alinishusha kwenye lango la chuo, akaenda zake kupakia. Mkutubi wao ni Mwalimu Sang, mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani, ambaye pia hufundisha somo la udongo. Tulikuwa tumeandikiana barua miaka yote hiyo bila kuonana. Alinipokea kwa mikono miwili na kunipeleka kwenye maktaba yake, chumba kimoja cha mabati kilichofagiliwa mpaka pembeni, chenye kompyuta sita zilizofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono. Niliuliza kama mtandao upo. Upo, akasema, na akanionyesha utabiri wa mvua wa siku hiyo. Nikajiambia, basi kweli ni wavivu.

Nikatandaza ripoti mezani. Alipitisha kidole kwenye zile sifuri za njano, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye neno langu jekundu. Alilisoma. Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu kidogo, ingawa bado nilikuwa sijui ya nini.

"Hii ni sisi?" akauliza.

Nikamwomba anionyeshe wanafunzi wake wanavyoifungua hifadhidata. Akaketi, akaandika anwani bila kuangalia popote, maana aliijua kwa kichwa. Ukurasa ukaja ukimtaka neno la siri, na chini yake maneno kwamba taasisi hii haitambuliki. Nilimwambia ajaribu kompyuta nyingine. Ikawa vile vile. Tukajaribu zote sita.

Nikamuuliza ni lini ilianza kukataa.

"Ilikataa tangu ile mwaka ya kwanza, Madam. Nilijaribu, ikasema hatutambuliki. Nikaona ni sawa."

"Sawa vipi, Mwalimu? Si mnalipa?"

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgeni jambo ambalo kila mtu analijua. Mwaka ambao upepo uling'oa paa la bwalo lao, vyuo vya Nakuru viliwafanyia harambee, na chuo changu kilileta mabati. Barua yangu ya kuwaalika kwenye umoja ilipofika mwaka uliofuata, mkuu wao aliwakusanya walimu, akasema sasa ni zamu yao kuwachangia watu wa Nakuru. Wakatoa. Wakaendelea kutoa kila mwaka, bila kuchelewa hata mara moja.

"Tulijua ni ya watu wa Nakuru," akasema Sang. "Mtu hawezi changa harambee halafu aende kuuliza kiti yake iko wapi."

Mimi nimefanya kazi ya maktaba zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sijawahi kupigwa na maneno kama yale. Nilikaa. Halafu likanijia jambo jingine, baya zaidi. Hifadhidata hii haihitaji neno la siri. Inakitambua chuo kwa namba ya mtandao wake, na namba za vyuo vyote vitano nilizijaza mimi kwenye fomu. Ya Mau Narok niliipata wapi? Nikakumbuka vizuri sana. Wakati ule walikuwa na ofisi ndogo ya karo mjini Nakuru. Sikutaka kusafiri mpaka huku. Niliingia pale wakati wa chakula cha mchana, nikamwomba karani kompyuta yake, nikanakili namba. Nilidhani mtandao wa chuo ni mmoja tu.

Ofisi ile ilifungwa zamani. Siku hizi pale panauzwa mapazia. Kwa miaka minne hifadhidata yote ya Mau Narok ilikuwa wazi kwa karani wa karo, kisha kwa duka la mapazia, na imefungwa kwa wenyewe.

Niseme ukweli, uongo ulinijia kabla ya aibu. Ningeweza kumwambia kwamba mitambo ilikuwa na hitilafu, na Sang angeniamini, maana alikuwa amekwisha kuniamini katika mambo makubwa kuliko hilo. Na nikisema ni mimi, nimewapa sababu halali ya kuondoka, na safari yangu yote imekwisha. Nikaangalia vile vitambaa vya kompyuta vilivyoshonwa kwa mkono. Nikamwambia kila kitu, na ofisi ya karo, na chakula cha mchana.

Aliikunja ile ripoti na kunirudishia. Kisha akaniuliza kama mapazia yanauzwa vizuri. Sikujua kama nicheke, lakini yeye alicheka kidogo, nami nikapumua.

Nilimuuliza wanafunzi wake walikuwa wanasomaje miaka hiyo yote. Akafungua kabati na kutoa madaftari manne. Mwanafunzi akiwa na swali ambalo vitabu vya chumbani havilijibu, Sang huliandika pamoja na jina lake. Kifurushi cha intaneti cha chuo ni kidogo, hakitoshi kutafuta kwa saa nyingi, kwa hiyo kila Jumamosi ya pili hushuka Nakuru kwa nauli yake, huketi kwenye cyber na kutafuta. Akipata jibu, huandika pembeni: amepewa. Mara nyingi ukurasa ulimtaka alipe ndipo asome, na hapo huacha nafasi wazi. Mkuu wao alitaka kujitoa kwenye umoja ili apate nauli ya kumpa Sang.

"Cyber gani?" nikauliza.

"Iko Rhonda, karibu na kanisa. Kijana wa hapo ni mpole, hanifukuzi."

Ni hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Kila Jumamosi ya pili mtu huyu alikuwa amekaa pale akitafuta bure kitu alichokwisha kukilipia, nami napita na kikapu changu cha sokoni.

Saa sita na nusu nilifungua ukurasa wa katibu kwenye kompyuta yake, nikafuta namba ya zamani na kuandika ya kweli. Mabadiliko huchukua kama saa moja. Tulikunywa chai na viazi vya kuchemsha. Saa nane kasoro Sang alijaribu tena. Ukurasa ulifunguka na jina la chuo chao likatokea juu kabisa. Alilisoma kwa sauti, polepole, jina lote.

Nikamwambia atafute chochote anachotaka. Alichukua daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, swali la kwanza, ambalo pembeni yake palikuwa wazi. Liliulizwa na msichana aitwaye Chebet. Viazi vya mama yake vilikuwa vinanyauka mchana ilhali majani bado ni ya kijani na mvua ipo. Je, ni jua au ni ugonjwa, na atajuaje?

Sang aliandika maneno manne. Makala ya pili kwenye orodha ilieleza yote. Kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni mnyauko wa bakteria. Usihifadhi mbegu ya shamba hilo, usimpe mtu, na usirudie viazi hapo kwa misimu kadhaa. Niliangalia saa ya ukutani. Kutafuta na kusoma kulichukua dakika mbili.

Saa tisa tulitembea mpaka sentani, penye maduka, Sang akiwa na karatasi aliyoichapisha. Chebet alimaliza masomo, sasa anauza mbegu na dawa kwenye agrovet karibu na stendi. Aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta, mpaka mwisho, na alipomaliza hakuonekana kushangaa.

"Nilikuja kujua, Mwalimu," akasema. "Lakini ni baada. Mathe wangu alikuwa ameshagawia dada yake mbegu, na majirani wawili. Shamba zote nne ziliisha."

Nikakumbuka wale kondoo.

"Hii karatasi ilikuwa wapi?" akauliza.

Sang alitazama viatu vyake. Hakunisemea, wala hakunisema.

"Ilikuwa yenu," nikamwambia. "Mlikuwa mmeilipia. Mimi ndiye niliyewafungia."

Aliniangalia, na sitaki kusimulia alivyoniangalia. Kisha akatafuta gundi na kuibandika ile karatasi ukutani, pale mteja anaposimama kungoja chenji. Alisema labda kuna mtu ataiona kabla ya kupanda.

Saa kumi Wafula alikuja na lori limejaa. Alikuwa amenusa kila gunia kabla ya kupakia. Tulipoanza kushuka aliniuliza kama nimewaambia wasome. Nikamjibu kwamba waliosoma ni wao, mvivu alikuwa mimi. Alinitazama mara moja, akaona uso wangu, akaniachia amani mpaka Njoro.

Alhamisi iliyofuata, Nakuru. Kwenye kikao cha umoja nilisimama nikaeleza, na ile ripoti yenye neno jekundu niliipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aione. Hakuna aliyenizomea. Ilikuwa afadhali wangezomea. Mkuu wa chuo changu, yule asiyetaka sehemu yetu ipande hata kidogo, aliniomba nirudie maneno ya Chebet kuhusu mashamba manne. Nikayarudia. Ndiye aliyependekeza kwamba mwaka huu Mau Narok wasitoe chochote, na sisi wanne tujaze pengo lao. Wote wakakubali.

Nimejifunza kwamba sifuri haisemi kwa nini ni sifuri. Miaka minne niliisoma kama tabia ya watu, kumbe ilikuwa kazi ya mkono wangu. Sasa hakuna namba ninayoijaza bila kwenda kukaa mbele ya kompyuta yenyewe na kuona ukurasa ukifunguka, na chakula cha mchana kisubiri.

Jioni ile ile nilimpigia Sang nikiwa na furaha ya kumpa habari njema. Nikamwambia mwaka huu wamesamehewa, wasitoe kitu.

"Kwani mmetutoa?" akauliza.

Nikamwambia hapana, hapana kabisa, tunawaomba msamaha.

"Basi sisi tutachanga kama kawaida," akasema. "Lakini hii mwaka tutakaa kwa kiti yetu."